Uvimbe wa adrenali "unaokula sukari" kwenye PET, niliyopitia mimi

Pole sana dada kwa mama. Umeuliza ripoti ya PET (ile picha ya mwili inayoonyesha sehemu zinazonyonya sukari nyingi) ikisema uvimbe wake wa tezi ya adrenali, ile ndogo iliyokaa juu ya figo, unanyonya sukari sana ndo tayari ni kansa, na je aache kabisa vitu vitamu. Mi nilitolewa wa kwangu, feokromositoma, yaani uvimbe wa adrenali unaomwaga homoni za aina ya adrenalini, upande wa kushoto, na ripoti yangu ilisema hivyohivyo kwa hiyo najua usingizi unavyokata.

Ile dawa wanayochoma kabla ya PET ni glukosi iliyopachikwa florini yenye mionzi, inaingia kwenye seli kupitia protini za mlangoni, hasa GLUT1, ikishaingia kimeng'enya kinaitwa heksokinasi kinaibandika fosfati na hapo imenasa, haisagwi wala haitoki. Nililala kama saa nzima kwenye kile chumba nimeambiwa nisiongee, baadaye daktari akanionyesha picha, doa linawaka juu ya figo, nikaanza kulia. Akaweka kalamu kwenye kichwa cha picha akasema ona, ubongo wako unawaka kuliko hilo doa na hauna kansa.

Kweli kansa ya gamba la adrenali (sehemu ya nje ya tezi) huwa inawaka, ndo maana wanashtuka. Ila feokromositoma nayo inaweza kuwaka sana hasa jeni ya SDHB ikiharibika, maana mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli, inakwama, kemikali iitwayo saksineti inarundikana, protini ya HIF inayoiambia seli oksijeni imepungua haivunjwi tena, seli inadhani imekosa oksijeni wakati oksijeni ipo, basi inaongeza GLUT1 na heksokinasi. Mi nilikutwa na hiyo SDHB, inarithiwa, wadogo zangu wote wakapimwa na mimi nafuatiliwa maisha yote kwa sababu inaweza kurudi au kusambaa.

Kuacha vitamu hakuunyimi uvimbe chakula dada, hata mama akifunga siku nzima ini linaendelea kutoa glukosi na uvimbe unajichotea kwenye damu. Mi miaka miwili nilitibiwa kisukari kumbe ni homoni za uvimbe, zinabana kongosho lisitoe insulini huku zinasukuma ini limwage sukari. Siku ya upasuaji nesi alikuwa ananitoboa kidole kila saa na kweli usiku, homoni za uvimbe zilipokatika, sukari ikaporomoka, natetemeka, jasho, wakanitundikia dripu ya glukosi. Vidonge vya kisukari sijameza tena.

Sasa la muhimu kuliko yote, ulizeni kama mama amepimwa metanefrini, yaani mabaki ya homoni za uvimbe wa aina hii, ya damu au ya mkojo wa saa 24, na msikubali mtu atoe kipande cha uvimbe kwa sindano cha kupima kabla majibu hayajarudi. Feokromositoma ikichomwa bila maandalizi presha inaweza kuruka ghafla na mtu akafa palepale. Hata mi kabla ya upasuaji nilimeza alfa bloka, dawa za kuzuia homoni hizo zisipandishe presha, wiki mbili.

Mama anapata kichwa, jasho na moyo kwenda mbio kwa pamoja, halafu vinaondoka? Na presha yake ikoje? Niandikie hapa, niko.