Fundi anataka asilimia 70 kabla ya kugusa bafu: yaliyonikuta mimi

Mkuu mleta uzi, umeandika kwamba unataka kukarabati bafu, ufundi ni laki sita, na fundi uliyeletewa na shemeji yako anataka asilimia 70 mkononi kabla hajashika nyundo. Unauliza umpe au umwache. Jibu fupi: usimpe. Jibu refu linaanzia bafuni kwangu Kimara, mwaka 2021.

Niseme ukweli, mimi niliharibu kabla fundi hajaharibu. Alinitajia laki nne na nusu, nikamkaba mpaka laki tatu, nikalala najiona mjanja. Sikujua kwamba fundi ukimbana kwenye ufundi, atajilipa kwenye vifaa. Akaniandikia saruji mifuko 9, nikamrushia hela kwenye simu akanunue mwenyewe. Bafu lenyewe ni mita 2 kwa mita 1.5! Baadaye fundi mwingine alipolipigia hesabu, sakafu na kuta zote, akasema 5 ingetosha.

Na hiyo saruji sidhani hata kama yote ilifika. Tulikubaliana mchanganyiko wa moja kwa nne. Mfuko wa kilo 50 ukiumwaga unapata kama lita 35, yaani ndoo mbili za lita 20 zisizojaa, kwa hiyo mchanga wake ni ndoo 7. Siku moja nikatoka kazini mapema, nikamkuta saidia fundi yuko ndoo ya 12 kwa mfuko uleule. Nikauliza. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mama, mchanga huu mzuri, hauli saruji." Nami nikakubali, maana nilikuwa nimechoka na nilitaka bafu langu.

(Akina dada mnaosimamia wenyewe mtanielewa: kila nikiuliza kitu cha maana naulizwa, "Kwani mzee yupo?" Mzee akiwepo, mteremko wa sakafu unabadilika?)

Aliposema amemaliza, marumaru zilikuwa zinang'aa mpaka unajiona. Nikamlipa yote na ya soda juu. Jioni nikaoga. Maji yakaangalia tundu la kutolea, yakaliacha hapo, yakaenda mlangoni. Kumpigia simu, akasema, "Mama, yatazoea." Mpaka leo nyumbani hiyo ni methali. Miezi mitatu baadaye ukuta wa chumbani, upande wa pili wa shawa, ukaanza kutoa malengelenge, rangi ikachubuka, ukiugusa unga unabaki kidoleni. Kumbe kiungo cha bomba ndani ya ukuta kilikuwa kinavuja tangu siku ya kwanza. Simu yake ikawa haipatikani tena. Tukabomoa kila kitu, na ya pili ikanila kuliko ya kwanza.

Fundi wa pili hakuwa malaika. Alichelewa, alikula siku mbili kwenye msiba ambao sina hakika nao, na kuna asubuhi aliniachia koleo na beseni uani ili nione yupo, kumbe yuko saiti nyingine Mbezi. Tofauti ni kwamba safari hii kila hela ilifungwa kwenye kitu ninachoweza kukipima kwa macho yangu, si kwenye neno "nimemaliza".

Hatua ya mabomba ndiyo uikazanie kuliko zote, kwa sababu ikishazikwa huioni tena. Kabla hajapiga plasta tulifunga koki zote za nyumba, tukaacha maji yakiwa na presha, tukaenda kuangalia mita ya maji ya DAWASA. Nikapiga picha namba zilizosomeka, nikalala, asubuhi nikapiga tena. Hazikusogea hata kidogo, akapata hela yake. Kama unatumia tenki, weka alama ya usawa wa maji kwenye tenki badala ya mita. Halafu piga picha ukuta mzima ukiwa wazi, futi ya kupimia ikiwa imelazwa kando ya bomba. Mwaka jana nilipotaka kutundika kioo ile picha iliniokoa, maana nilijua hasa pa kupitisha drili.

Sakafu nayo ipimwe kabla ya marumaru. Tuliziba tundu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, tukajaza maji kina cha vidole viwili, nikachora mstari wa penseli ukutani, yakakaa saa 24. Yakishuka sana, sakafu inakunywa. Mteremko tulipima kwa pima maji, sentimita 1 na nusu hivi kwa kila mita, lakini mimi niliamini zaidi gololi ya mwanangu. Niliiweka kila kona, na kila mara ikaenda yenyewe tunduni. Kona moja ikasimama. Fundi akaguna, akarudia kona ile.

Marumaru zikishakauka zigonge moja moja kwa sarafu. Inayolia kama debe tupu haina udongo chini, itapasuka siku ukiangusha ndoo.

Vifaa nunueni pamoja. Fundi akienda peke yake dukani anapewa cha juu, na cha juu hicho ni hela yako. Ukienda peke yako utarudi na koki isiyoingia. Boksi la marumaru za 60 kwa 60 huwa na vipande 4, mita za mraba 1.44, kwa hiyo hesabu unaiweza mwenyewe. Ongeza sehemu ya kumi kwa zitakazokatwa. Angalia namba ya rangi kwenye kila boksi ifanane, la sivyo utapata sakafu yenye kiraka.

Kama utaweka shawa ya umeme, hapo usimwachie fundi wa marumaru "aunganishe tu". Ya wati 5,500 inavuta kama ampia 24, na wangu wa kwanza alitaka kuichomeka kwenye waya wa taa wa milimita 1.5. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Mdau hapo juu kasema uchukue mkandarasi aliyesajiliwa CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kwa kubomoa ukuta unaobeba zege au kuongeza ghorofa, naam, na kibali cha halmashauri juu. Kwa bafu moja sioni haja.

Sasa laki sita zako. Mpe laki moja ya kuanzia, maana naye ana nauli na saidia fundi anayekula kila siku. Fundi asiye na kitu mfukoni atakimbilia kazi ya mwingine. Laki na nusu mita ikisimama. Laki na nusu nyingine sakafu ikishika maji. Laki moja marumaru zikimalizika na kugongwa. Laki ya mwisho ibaki kwako wiki mbili, familia nzima ikiwa inaoga humo. Iandikeni kwenye karatasi na wote msaini, na ukiongeza kazi katikati (utaongeza tu, sote tunaongeza) andika bei yake hapohapo kabla hajaianza.

Akikataa, mshukuru, umwache aende. Shemeji atanuna wiki moja.