Usibebe matatizo ya dunia kwa lumbesa

Wakulima wa viazi wenzangu neno lumbesa mnalijua vizuri, ila kwa ambao hamjawahi kusimama kando ya barabara mnasubiri fuso, ni hivi, gunia linajaa kabisa alafu mnunuzi anasema bado, linaongezewa kichwa kingine juu linashonewa na kamba mpaka linakaa kama mtu kabeba mtoto shingoni. Vipimo halali ni kilo 100 mwisho, kila mtu anajua, lakini ukibisha unaambiwa basi viache vioze hapohapo. Na unalipwa bei ya gunia moja.

Sasa mi mwaka 2022 kichwa changu kilikuwa lumbesa.

Naishi Mbeya, kijijini juu ya Uyole, njia hii ya kwenda Tukuyu, nalima viazi na nina kaduka. Februari ile vita ya Ukraine ikaanza, mi nikajua ni ya wazungu huko, kumbe mbolea nayo inatoka hukohuko duniani, ikapaa mfuko wa kilo 50 ukapita laki, mafuta ya kula nayo, nauli nayo. Nikaanza kukesha. Sio mtoto mchanga sio ugonjwa, simu tu. Bando la usiku bei rahisi basi naingia kwenye magrupu, huku video ya mabomu, huku mtu anasema njaa inakuja, huku sauti ya mchungaji nisiyemjua anasema siku za mwisho, mpaka saa tisa usiku. Asubuhi nafungua duka macho mekundu na simu bado iko mkononi. Nilikuwa najiona mtu anayejali sana kumbe hamna hata kitu kimoja nilichokuwa nimefanya, nimejua tu.

Siku moja, Julai, baridi ile ya huku ambayo majani yanaamka meupe, kaja dogo wa kama miaka saba saa kumi na mbili na nusu asubuhi kavaa sare na kandambili, kanunua karanga za mia. Nikampa chenji bila kuangalia maana nilikuwa naskroli. Akaondoka, akarudi, akasema mama umenizidishia. Nilimpa mia tano zaidi. Akatoka nje nikamuona anagawa zile karanga, wako watatu, anahesabu mojamoja kwenye viganja. Ndo chai yao hiyo mpaka saa nane mchana.

Nilikuwa nauza karanga zile kila siku asubuhi. Kila siku. Sikuwahi kujiuliza kwa nini watoto wananunua karanga alfajiri.

Kabla sijaendelea ngoja niwaambie kuhusu mama mkubwa wangu maana yeye ndo kanifundisha hii habari ya kipimo, bila kujua. Mama yangu ni Mkinga wa Makete. Watu wa Makete na Njombe nzima wanajua UKIMWI ulichofanya kule, hata sasaivi utafiti wa 2022/23 umekuta Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima wana maambukizi wakati taifa ni 4.4. Lakini mi naongelea kabla ya 2004, kabla dawa za bure hazijaanza kutolewa nchini, wakati ule kila wiki msiba. Ndugu zake mama mkubwa walifariki wakaacha watoto saba. Kikao cha ukoo kikataka awabebe wote kwa kuwa yeye ni mjane na ana nyumba kubwa. Akasema naweza wanne. Watu wakamnunia, wakasema ana roho mbaya. Akawachukua wanne, alafu akazunguka mwenyewe kwa miguu kijiji kwa kijiji akawatafutia watatu waliobaki mahali, na kila Krismasi lazima wote saba wakutane kwake. Wote wapo hai leo. Mmoja ni fundi umeme Makambako.

Nilipomuuliza ulijuaje ni wanne, akasema "nilihesabu mablanketi".

Basi nilipotaka watoto wapate uji shuleni, na mi nikahesabu. Shule yetu ya kijiji ina watoto wengi, kuwapa wote uji ni lumbesa, ningeshindwa wiki ya kwanza nikarudi kwenye simu. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikauliza darasa la awali na la kwanza wako wangapi, wako 96. Kikombe cha uji kinataka kama gramu 50 za unga wa dona, kwa hiyo kilo tano kwa siku, siku 20 za masomo ni gunia moja kwa mwezi. Gunia moja! Nilikaa pale ofisini nikacheka peke yangu. Kaya zenye watoto wa madarasa hayo ni kama 70, kila kaya ikitoa nusu sado ya mahindi kwa mwezi, yaani kilo moja na nusu hivi, imeisha hiyo.

Kwenye karatasi imeisha, lakini nenda sasa kawaambie watu. Tulipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu (nendeni jamani kwenye hii mikutano, mnalalamika vijiweni alafu siku ya mkutano mnaenda kufua), baba mmoja akasimama akasema si tuliambiwa elimu bila malipo tangu 2016 na michango imepigwa marufuku, huyu mama wa dukani anataka kutufungulia mradi wake. Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu akaeleza kwamba waraka wenyewe wa 2016 unasema chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi, kelele zikapungua, ikapita kwa shingo upande.

Mwezi wa kwanza zilitoa kaya 48. Kilo 72, siku 14 za uji, siku sita patupu. Mi nikataka kujazia kutoka dukani, unajua tena huruma, mwalimu akanikatalia kabisa, akasema ukijaza wewe mwezi ujao watakuachia wewe. Iliniuma zile siku sita. Watoto walikuwa wanakuja na vikombe vyao wanarudi navyo vikavu. Lakini wazazi walisikia kutoka kwa watoto wao wenyewe, sio kwangu, na mwezi wa pili zikawa kaya 61, siku 18.

Hapo katikati nikafanya kosa ambalo nawaambia msilirudie. Kwa kuwa maneno ya "anakula mahindi yetu" yalizidi, nikaamua kubandika hesabu mlangoni mwa shule, kilichoingia, kilichosagwa, hela ya mashine. Hiyo ni sawa na ndo iliyoziba midomo, kama unashika kitu cha watu bandika hesabu hata kama hujaulizwa. Ila nikaenda mbele zaidi nikabandika na majina ya ambao hawajatoa. Kuna bibi mmoja analea wajukuu wawili, jina lake likawemo, akaacha kuja dukani. Wiki mbili. Nilivyoenda kwake kuomba radhi nikamkuta anachemsha maboga, ndo chakula cha siku nzima, hana mahindi na hana wa kumwambia. Nikayabandua majina jioni ileile. Yeye ndo akasema mahindi sina ila msitu wa mlingoti (mikaratusi) wa marehemu upo, kuni chukueni. Mpaka leo uji wote unapikwa na kuni zake, na nikipita pale ananiita kwa sauti ndaga, ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, wakati mwenye deni ni mimi.

Kuhusu simu, sikuifuta wala sijawa mtakatifu. Nasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mara moja, inatosha, kama dunia imeisha watasema. Magrupu nimebaki na matatu. Bando la usiku nimeacha kununua na hilo peke yake limenirudishia usingizi kuliko maombi (mchungaji wangu asisome hapa).

Na sisemi mambo makubwa hayana maana, nisieleweke vibaya. Mbolea haikushuka kwa sababu ya uji wangu, ilishuka serikali ilipoweka ruzuku, ikazinduliwa hapahapa Mbeya siku ya Nanenane, 8 Agosti 2022, mfuko ukaja elfu sabini. Lakini ilibidi mkulima ajisajili kijijini, na wazee kibao hawakujua waanzie wapi, wengine hata namba ya simu ya kuandikisha hawana. Tuliokuwa tumeshazoeana kwenye uji ndo tuliokaa nao siku mbili tatu kuwasaidia, hakuna aliyetutuma.

Kama huna mahindi wala muda, kuna damu. Wifi yangu alivuja sana baada ya kujifungua, akawekewa chupa tatu za watu ambao hatutawajua kamwe. Ukiwa na afya, miaka 18 mpaka 65 na kilo 50 au zaidi, mwanaume unaweza kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Damu ikishatolewa haikai kabatini mwaka mzima, ni siku 35 hivi, kwa hiyo ile foleni ya kutoa siku ya maadhimisho ya wachangia damu tu haitoshi, wanahitaji mtu wa Machi na mtu wa Oktoba pia. Mi naenda Machi, Julai na Novemba. Nusu saa na soda unapewa.

Kuna siku bado nachoka na watu, sikatai. Kuna mwezi kaya zilishuka tena mpaka 40 na kitu nikalia kabisa nyuma ya duka. Siku kama hizo sifanyi kitu, nafunga mapema nalala, kesho yake daftari la uji bado lipo.

Sasaivi wazazi wa darasa la pili nao wanataka kuingia. Wengine wanasema tuanze mara moja, mi nimewaambia leteni kwanza idadi ya watoto na idadi ya kaya ndo tuongee. Yule baba wa mkutanoni ndo kachaguliwa kuhesabu. Sufuria kubwa limetoboka kitako, fundi wa kuziba yuko Uyole, kasema nimpelekee Jumamosi kabla ya saa nne maana baada ya hapo anaenda shambani.