Re: Nyumba yenye samani Mwanga, naweza kukata gharama za vitanda na friji?

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, nyumba yako ya Mwanga umepangisha shirika ikiwa na vitanda, friji na makochi, wao wanakata 10% kwenye kodi ya pango, nawe unataka kujua kama pesa ya samani itapunguza kodi ya TRA.

Kabla ya yote, angalia unapangisha kama nani. Kama ni wewe binafsi na si biashara, ile 10% ya zuio (kodi anayokata mpangaji kabla ya kukulipa) ndiyo kodi ya mwisho. Hapo hata ulete gunia la risiti, hakuna cha kukata. Dai tu cheti chako cha zuio.

Ukiendesha kama biashara, yenye hesabu zake, mambo hubadilika, na ile 10% inahesabika kama umeshalipa sehemu. Mimi ndivyo nilivyo na vyumba vyangu Gungu. Kupaka rangi na kuziba bomba nakata mwaka huohuo. Samani hazikatwi zote kwa mkupuo: ni uchakavu, yaani unakata kidogokidogo kila mwaka, 12.5% ya thamani iliyobaki. Za milioni 2, mwaka wa kwanza 250,000, wa pili 218,750. Jengo lenyewe 5% ya gharama yake kila mwaka.

Halafu risiti za EFD (zile za mashine ya kodi), toa kopi siku hiyohiyo. Zangu za magodoro niliziacha kwenye dashibodi ya gari. Kwa jua letu hili, baada ya miezi miwili zilikuwa karatasi nyeupe. Fundi seremala wa mtaani asiyetoa risiti, huyo mhesabie hasara tu.