Mediani yangu imeangukia kundi lisilo lake

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina jedwali la alama za watahiniwa 80: 1–10 wako 4, 11–20 wako 10, 21–30 wako 18, 31–40 wako 24, 41–50 wako 15 na 51–60 wako 9. Natafuta mediani, yaani alama ya katikati. Nimechora grafu ya marudio limbikizi (idadi ya watu ikijumlishwa kundi baada ya kundi), kila nukta nikaiweka katikati ya kundi lake kama tunavyofanya kwenye poligoni ya marudio, ile grafu ya idadi ya kila kundi peke yake. Nikisoma kwenye 40 napata mediani 29 hivi, lakini wenzangu wamepata karibu 34. Nani kapatia? Tena, nisome kwenye 40 au 40.5?

JIBU: Marahaba. Wenzako wamepatia, na jedwali lako lenyewe linakusuta. Limbikiza marudio: 4, 14, 32, 56, 71, 80. Waliopata alama 30 kushuka chini ni 32 tu. Wapange watahiniwa wote kuanzia mwenye alama ndogo: wa 40 na wa 41, ambao ndio wenye mediani, hawamo kati ya hao 32. Wako kundi la 31–40. Kwa hiyo 29 haiwezekani hata kabla hujashika rula.

Umekosea pa kuweka nukta. Ile 32 inahesabu watu wote mpaka mwisho wa kundi la 21–30. Ukiwa katikati ya kundi, kwenye 25.5, bado hujawamaliza. Poligoni huweka nukta katikati kwa sababu kila nukta inawakilisha kundi moja. Hapa inawakilisha kila aliyekwisha kupitwa, hivyo mahali pake ni mpaka wa juu wa kundi. Ulichofanya ni kuusogeza mchoro wote kushoto kwa nusu ya upana wa kundi, yaani alama 5, na ndizo hizohizo zilizopungua kwenye jibu lako.

Mpaka wenyewe uwe halisi. Kati ya 30 na 31 kuna pengo, tunaligawa katikati: 30.5. Nukta zako basi ni (10.5, 4), (20.5, 14), (30.5, 32), (40.5, 56), (50.5, 71) na (60.5, 80), na mchoro uanzie (0.5, 0). Hiyo ya mwanzo wengi huiacha, grafu ikabaki inaning'inia hewani. (Umri una kanuni yake: mwenye miaka 19 na miezi 11 huandikwa 19, kwa hiyo kundi la 10–19 huishia 20, si 19.5.)

Sasa toka 40 kwenye mhimili wima, nenda mlalo hadi ukute mchoro, kisha teremka wima. Ukiwa umeunganisha nukta kwa rula utasoma 33.8, sawa na hesabu: kundi lina watu 24 na tunahitaji 8 baada ya wale 32, basi 30.5 + (8 ÷ 24) × 10. Ukiunganisha kwa mkono, kwa mstari uliopinda, jibu litapishana kidogo, si kosa.

Tumia 40, nusu ya jumla. Kusoma kwenye 40.5 kungekupa 34.0, tofauti ya 0.2, na penseli isiyochongwa vizuri inaweza kuzidi hapo. Wala usiandike 33.83 ukadhani umekuwa makini zaidi. Tumechukulia kwamba wale 24 wametawanyika sawasawa ndani ya kundi, jambo ambalo jedwali halisemi. Kwa hakika tunajua tu kwamba mediani iko kati ya 31 na 40. "Karibu 34" ni makadirio ya haki.

Ukitaka kujihakiki, chora na grafu ya pili kwenye karatasi hiyohiyo, ya waliozidi kila mpaka: 80 kwenye 0.5, kisha 76, 66, 48, 24, 9, na 0 kwenye 60.5. Grafu mbili hukatana penye mediani, na lazima zikatane kwenye urefu wa 40. Ungeweka nukta katikati ya makundi kwenye zote mbili, zingekatana kwenye urefu wa karibu 51, ukajua mara moja kuna kitu hakiko sawa.