Kizunguzungu Kitandani, Kipimo Sikioni

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Nina umri wa miaka 56. Tangu mwezi uliopita, nikigeukia upande wa kulia kitandani, chumba kizima huzunguka, na hali ni hiyo hiyo nikisujudu au nikiinua kichwa kuanika nguo. Hupita upesi, lakini huniachia kichefuchefu. Presha nimepimwa, iko sawa, na vidonge vya kisunzi nilivyopewa havijanifaa. Sasa naambiwa nikapimwe masikio, ilhali nasikia vizuri tu. Sikio na kizunguzungu vinahusiana vipi?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Vinahusiana sana, kwa kuwa sikio la ndani lina kazi mbili. Sehemu moja, iliyojikunja kama konokono, hupokea sauti. Ya pili, yenye mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, huuarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka. Jirani na mifereji hiyo mna vijiwe vidogo mno vya chokaa vilivyoshikamana na utando. Vijiwe hivyo vikibanduka, iwe kwa umri, kwa pigo la kichwa au bila sababu inayoonekana, huweza kuingia katika mfereji mmojawapo, aghalabu ule wa nyuma. Basi kila unapolala au kugeuka, vijiwe huyasukuma majimaji, na ubongo huletewa habari kwamba unazunguka ilhali umetulia. Kisa chako, kwa jinsi ulivyokieleza, kinafanana sana na hali hiyo, ambayo huamshwa na mkao wa kichwa na kwa kawaida hupita chini ya dakika moja.

Kuithibitisha hakuhitaji mtambo. Mtaalamu hukukalisha kitandani, hukigeuza kichwa chako nyuzi 45 upande mmoja, kisha hukulaza chali upesi, kichwa kikining'inia kidogo ukingoni, huku akiyatazama macho yako. Baada ya sekunde chache mboni huanza kuchezacheza, kisha hutulia. Margaret Dix na Charles Hallpike waliueleza uchunguzi huu mjini London mwaka 1952. Tiba huanzia kwenye mkao huo huo: kichwa hugeuzwa hadi upande wa pili, mwili ukafuata kulala ubavu, uso ukitazama chini, na kila hatua hungojewa nusu dakika hadi dakika nzima kabla ya mgonjwa kuinuliwa aketi, ili vijiwe viteleze na kutoka mferejini. John Epley wa Marekani aliichapisha njia hii mwaka 1992, na wengi hupata nafuu kwa mara moja au mbili, ingawa tatizo huweza kurudi. Mwenye maradhi ya shingo aseme kabla hajalazwa. Nami husikitika kuona watu wakimeza vidonge vya kisunzi miezi na miezi, kwani hutuliza kichefuchefu lakini havirudishi kijiwe hata kimoja mahali pake.

Kwa nini basi upimwe masikio? Vijiwe peke yake haviharibu usikivu, kwa hiyo kipimo kikionyesha upungufu, lazima tutafute jambo jingine. Utaketi katika chumba kisichopitisha kelele, utavishwa visikilizio, na utabonyeza kitufe kila usikiapo mlio, hata ule hafifu unaoutilia shaka. Milio huanzia ile mizito ya hezi 250 hadi ile myembamba ya hezi 8,000, na majibu huchorwa kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, duara jekundu likiwa sikio la kulia na alama ya X ya buluu la kushoto. Kisha kitetemeshi huwekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Ukisikia vizuri kwa mfupa na vibaya kwa visikilizio, kasoro iko sikio la nje au la kati, pengine ni nta tu. Upungufu wa sauti nzito katika sikio moja, pamoja na mvumo, sikio kuhisi limejaa, na kizunguzungu cha saa nzima badala ya sekunde, hutuelekeza kwenye maradhi ya Ménière, ugonjwa mwingine wa sikio la ndani. Upungufu wa upande mmoja usio na maelezo hudai picha ya MRI, ile ya mtambo wa sumaku, ili uvimbe wa neva ya sikio usipite bila kuonekana.

Mpaka utibiwe, usipande kigoda kuanika nguo, na ruhusa ya mgonjwa kuswali ameketi unaijua. Kizunguzungu kikija na kuona viwili viwili, ulimi mzito au mkono kulegea, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ni kiharusi. Na siku ya kipimo epuka kupanda matatu yenye muziki wa kupasua ngoma za masikio: kelele huacha usikivu umefifia kwa saa kadhaa, na jibu likatoka baya kuliko hali yako.