Pipa la dafnia na kipimajoto

Nafuga kambare Njombe. Mwezi wa sita pipa langu la dafnia, yaani viroboto wa maji wa kulishia samaki wachanga, limelala tu, hawazai. Nimekosea wapi?

Hujakosea, ni baridi. Kiroboto wa maji hana joto lake mwenyewe. Maji yakiwa nyuzi 20, huanza kuzaa akiwa na siku nane hadi kumi, kisha hutoa watoto kila baada ya siku tatu hivi. Yakishuka hadi 10, siku hizo tatu hufika wiki na zaidi. Chota mmoja kwa kijiko, mwangalie kwa lenzi penye mwanga: mgongoni, chini ya gamba linalopenyeza nuru, utaona mayai yamejipanga. Yakiwa na vidoa vyeusi vya macho, watoto wamekaribia kutoka. Usiwaongezee chachu ukidhani wana njaa, itaoza. Hamishia pipa ndani.

Niko Dar. Niliweka simtanki jeusi juani ili wazae haraka. Wiki ya kwanza walifurika, halafu mchana mmoja nikakuta wote wako chini.

Kwenye nyuzi 25 dafnia hukomaa mapema, ila hubaki mdogo, na mwili mdogo hauna nafasi ya mayai mengi. Maisha nayo hufupika. Ukivuka 30 unacheza na roho zao. Shida nyingine ni hewa: lita ya maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, ya nyuzi 30 ni 7.5 tu, na joto ndilo linalowafanya waihitaji zaidi. Wakianza kuwa wekundu, wanaongeza hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni, kwa sababu hewa imepungua. Kwa joto la Pwani mimi ningefuga moina, ndugu yake mdogo. Huyo anavumilia nyuzi 30, na huanza kuzaa akiwa na siku nne au tano. Simtanki nalo lisogeze chini ya mwembe!

Kuna vidoa vyeusi vinaelea. Ni uchafu?

Usimwage. Kwa kawaida majike huzaa majike bila dume. Baridi ikiingia, chakula kikipungua au wakibanana, madume huzaliwa, na jike hufungia mayai mawili kwenye kifuko kigumu cheusi. Yanastahimili ukavu kwa miaka. Anika, weka kwenye bahasha.

Mayai ya atemia, wale kamba wadogo wa maji ya chumvi wa kulishia samaki wachanga, niliyonunua hayaanguliki.

Kabla ya kumlaumu muuzaji, tumbukiza kipimajoto. Yanataka nyuzi 25 hadi 30, maji ya chumvi, mwanga na pampu ya hewa. Hapo, saa 24 hivi zinatosha.