Usijaze nyekundu kwa zambarau

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilijivunia jambo moja: kwenye kuchukua damu ya vipimo, mshipa haunishindi. Wenzangu wakikwama, naitwa. Nachoma mara moja, damu inakuja, naondoka kifua mbele. Sasa siku hiyo nikapangiwa mama mmoja wa makamo, mishipa yake myembamba kama uzi, damu inakuja kwa kusuasua. Nikajaza tyubu yenye kifuniko cha zambarau kwanza. Ikapita mstari, na ile ya kifuniko chekundu ikaambulia tone tu chini. Nikaona nisimtese mama wa watu kwa kumchoma tena. Nikafungua vifuniko vyote viwili, nikamimina kidogo kutoka kwenye zambarau kwenda kwenye nyekundu, nikafunga, nikapeleka maabara huku najiona mtu mwenye huruma.

Haikupita saa moja simu ya wodi ikalia. Potasiamu ya mama ilikuwa 14. Ya kawaida huwa kati ya 3.5 na 5 hivi. Kwa 14 moyo ungekuwa umeshasimama, na mama mwenyewe kakaa kitandani anakunywa uji. Kalsiamu nayo ilikuwa karibu haipo. Mzee wa maabara hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, nani kamimina zambarau kwenye nyekundu?" Nikadhani alinichungulia dirishani.

Kumbe majibu yenyewe ndiyo yaliyonisema. Ndani ya tyubu ya zambarau kuna EDTA, dawa inayozuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu, na kwa kawaida huwekwa ikiwa chumvi ya potasiamu. Matone machache tu yakiingia kwenye nyekundu, potasiamu inapaa na kalsiamu inapotea. Watu wa maabara wanayatambua majibu ya namna hiyo kabla hawajakaa kwenye kiti.

Kwa hiyo mwanafunzi akija kwangu fildi, hata kabla hajashika sindano, namwekea tyubu mezani. Zile rangi za vifuniko zina mpangilio wake. Kama kuna chupa za kuotesha vijidudu, hizo ndizo za mwanzo, zisipate uchafu wa kwingine. Halafu bluu, ya vipimo vya kuganda kwa damu. Halafu nyekundu au ile ya njano yenye jeli. Kisha kijani yenye heparini, nayo ni dawa ya kuzuia damu isigande, kisha zambarau, na kijivu ya sukari inafunga. Ukichanganyikiwa siku ya kwanza, shika hili tu: zambarau na kijivu zinakuja mwishoni. Bluu ina masharti, maana dawa yake imepimwa sehemu moja kwa sehemu tisa za damu. Ijaze hadi kwenye mstari. Ukipeleka nusu wakakurudishia, usinune.

Kijivu nayo watu wanaidharau, wanasema sukari si itapimwa kwenye nyekundu. Itapimwa, ndiyo, kama itafika mapema. Chembe za damu zikiwa ndani ya tyubu zinaendelea kula sukari, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto likizidi zinakula haraka zaidi. Dawa iliyo ndani ya kijivu ndiyo inayozizuia. Tyubu iliyosahaulika dirishani tangu asubuhi inaweza kumfanya mwenye kisukari aonekane mzima.

Ukishajaza, geuza tyubu juu chini taratibu, zambarau mara 8 hadi 10. Nimesema geuza. Kuna wanaoitikisa kama dawa ya kikohozi, chembe nyekundu zinapasuka, na potasiamu iliyokuwa ndani yake inamwagika nje. Ndivyo inavyokuwa pia ukitumia bomba la kawaida halafu ukasukuma damu kwa nguvu kwenye tyubu. Acha tyubu inyonye yenyewe.

Vifaa vingine ni vya kawaida: glovu, mpira wa kufungia mkono, spiriti ya asilimia 70, pamba au gozi, plasta, sindano na boksi la kutupia sindano. Kwenye sindano wengi wanababaishwa na namba, kwa sababu namba ikipanda tundu linapungua. Namba 21, yenye kitako cha kijani, inawafaa watu wazima wengi. Ya buluu, 23, ni ya watoto na mishipa kama ya yule mama. Boksi liwe pale ulipo, mkono uukute bila kunyanyuka. Nimemwona mtu anakatiza wodi na sindano wazi mkononi, ndugu wa wagonjwa wamejaa njiani na vyombo vya chakula, nikashika kichwa.

Ukifika kwa mgonjwa, salimu kwanza. Kama ni mtu mzima, shikamoo yake mpe, hata kama una wagonjwa ishirini wanasubiri. Halafu muulize, "Mama, majina yako kamili tafadhali?" Usiseme "Wewe ndiye Mwanaisha?" Mtu mwenye homa, au asiyesikia vizuri, atakujibu abee kwa jina lolote, na damu ya Mwanaisha utakuwa umeichukua kwa Zainabu.

Wapo watakaouliza damu yote hiyo inapelekwa wapi. Usicheke. Huku pwani tumekua na hadithi za mumiani, na mtu anayeona tyubu tatu zimejaa ana haki ya kuuliza. Mimi namwonyesha: zote kwa pamoja ni kama mililita 10, vijiko viwili vya chai. Mara nyingi hapo uso unalegea na mkono unalegea, na mkono uliolegea ndio ninaoutaka.

Mpira ufungwe vidole vinne au vitano juu ya pale utakapochoma, na usizidi dakika moja. Ukiacha muda mrefu damu inatuama na baadhi ya vipimo vinapanda bure. Kufumba na kufumbua ngumi mfululizo nako kunapandisha potasiamu, japo tulifundishwa hivyo na kaka zetu wodini. Afumbe tu, atulie. Mshipa utafute kwa ncha ya kidole zaidi kuliko macho: mzuri unanesa ukiubonyeza. Ukisikia unadunda, huo ni ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, achana nao. Pendelea wa katikati ya kiwiko. Ule wa upande wa ndani unapakana na ateri na neva. Na mkono wenye dripu uuache, la sivyo utakuwa umepima dripu.

Spiriti paka sekunde 30, iache ikauke sekunde nyingine 30. Usipulize. Usipapase tena ulipopaka, na hili ndilo kosa ninalolirudia kusema hadi wananichoka. Sindano iingie kwa mlalo, nyuzi 30 au chini ya hapo. Fungua mpira kabla ya kuichomoa, weka pamba, mwambie abonyeze mkono ukiwa umenyooka. Akiukunja, kesho atakuja damu imevilia chini ya ngozi. Umekosa mara mbili? Mwite mwenzako. Majivuno yangu ya mwaka wa kwanza yaliwagharimu watu michubuko.

Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko. Boksi likifika robo tatu lifungwe. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinafaa zaidi zikianza ndani ya saa chache, mwisho ni saa 72, na unazimeza siku 28. Homa ya ini B inaambukiza kwa sindano kuliko VVU, na chanjo yake ipo: dozi tatu ndani ya miezi sita. Anza kuchanja kabla ya fildi.

Majina kwenye tyubu yaandikwe ukishachukua damu, hapo hapo kitandani, kabla hujageuka.

Yule mama nililazimika kurudi kwake. Nilimweleza ukweli, kwamba niliharibu mimi, si damu yake. Akanitazama, akaweka kikombe cha uji pembeni, akanyoosha mkono wa pili. "Kumbe ulikuwa unanihurumia," akasema. "Haya, choma mwanangu. Ila leo usihurumie." Nikachukua sindano ya buluu, nikaanza na nyekundu.